Hodi ya Tatu

Siku hizi dalali huchaguliwa na nyumba yenyewe. Mwenye nyumba kazi yake ni kuwaita tu. Bi Zawena, mjane wa Chumbageni, aliwaita watatu. Wa kwanza alianza kukagua kuta kabla ya salamu; mlango haukufunguka. Wa pili alipiga hodi huku akiongea na simu. Kimya.

Wa tatu, Mwanamkuu, alivua viatu barazani, akatulia kidogo.

“Hodi wenyewe!”

“Karibu, karibu ndani,” nyumba ikaitikia kwa sauti ya marehemu Mhina, mume wa Bi Zawena aliyeijenga, pamoja na kile kikohozi chake.

Bi Zawena akashika ukuta. “Tangu afe, miaka mitatu, mimi haijanisemesha!”

“Umewahi kuipigia hodi, bi mkubwa?”

“Nani anapiga hodi kwake?”

Mwanamkuu akampa mkataba wa kuiuza, naye akatia saini, maana nyumba ikishaitikia dalali, kurudi nyuma hakuna.

Siku ya kuhama, mlango ulipojifunga nyuma yake, Bi Zawena aliweka begi chini, akageuka.

“Hodi.”

Akangoja.

“Hodi.”

Hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni mstaarabu hujiondokea. Bi Zawena akaketi barazani, ya tatu akabaki nayo mdomoni.