Msumari wa Kapu

Kibwana aliuzunguka tena mzambarau, koleo mkononi, akichungulia juu kati ya matawi. Kesho mti ungekatwa kupisha barabara, naye alikuwa amesafiri kutwa nzima kuja kuung'oa msumari ambao marehemu mama yake alikuwa akitundikia kapu kila akirudi sokoni. Enzi hizo Kibwana aliruka, akaruka tena, na mkono haukuvifikia vitumbua vilivyokuwa kapuni.

"Msumari utakuwa umepanda juu na mti," alisema. "Umerefuka mno."

Dada yake, Mwanakheri, aliyekuwa ameketi kwenye mzizi uliotokeza ardhini, akacheka.

"Mti hurefukia kileleni, mdogo wangu. Shina hunenepa tu. Ulichokigongomea hapa utakikuta hapa hapa. Hebu teremsha macho."

Akayateremsha. Usawa wa kidevu chake, gome lilikuwa limevimba kama mdomo uliofumbwa, na katikati yake kikachungulia kichwa cha msumari chenye kutu.

"Siyo huu," alisema. "Mama alikuwa mrefu."

"Mama alikuwa akinifika begani, Kibwana. Wewe ndiye uliyekuwa mdogo."

Kibwana aliupapasa msumari, akautazama muda mrefu, kisha akaliweka koleo chini. Taratibu akachuchumaa mbele ya shina, mpaka matawi yakawa mbali kama zamani, akainua mkono.

Vidole vilikomea chini kidogo ya msumari, naye hakuvinyoosha zaidi.