Betri za Lenah

Balbu ilikataa kuwaka. Shule yetu ya Lucky Summer haikuwa na maabara, kwa hiyo niliwaagiza watoto walete betri kuukuu za redio, zile ambazo mama zao huanika juani zipate moto kidogo. Nilizipanga ndani ya gazeti lililokunjwa kama bomba, nikaunganisha waya wa simu mbovu. Wapi!

Nikazigeuza. Nikaziuma kwa meno. Watoto wakaanza kucheka chini ya madawati, na kengele ya chakula ilikuwa karibu kulia.

"Ticha, jaribu hizi," akasema Lenah, akinipa betri mbili. Zilikuwa nzito, hazina kutu hata kidogo.

Balbu ikawaka. Darasa zima likalipuka kwa kelele, kengele ikalia, wakatoka mbio. Lenah peke yake akabaki.

"Hizi ni mpya," nikamwambia. "Umezitoa wapi?"

"Nimetoa kwa redio ya nyumbani."

"Mama yako atakuchapa! Kimbia uzirudishe kabla ya taarifa ya saa saba."

Hakusogea. Mwanga mdogo wa manjano ulikuwa ukitetemeka kidevuni mwake.

"Taarifa ikiisha wanasoma matangazo ya vifo," akasema. "Nyanya amelazwa hospitali huko Busia. Mama hukaa hapo kwa redio kila siku, akingoja kama watataja jina lake."

Nikanyoosha mkono nichomoe waya. Akanishika kidole.

"Usizime, Ticha. Acha ziishe."