Ncha ya Sikio la Kushoto

Paka wa kumi na mbili alipozinduka, sikio lake la kushoto lilikuwa limepungua ncha. Adventina, daktari wa mifugo wa kata, alimfungulia tenga. Paka akamshukuru kwa kumparura mkono, kisha akatokomea chini ya vibanda vya soko.

Paka wa soko lile, nje kidogo ya Biharamulo, hawakuwa na mwenyewe wala hawakumtaka. Adventina hakuwalazimisha mapenzi. Aliwafunga uzazi, akawawekea maji, akajiendea zake.

"Kushoto, ncha," ilisema sauti nyuma yake. Ni Mzee Ndassa, Msukuma mwenye ng'ombe wengi kuliko maneno. "Ng'ombe wangu wote nawakata hivyohivyo."

"Shikamoo, baba. Samahani. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Ukimwona kwa mbali unajua huyu hazai tena."

"Marahaba. Kwa hiyo chuo kimeiba alama yangu, kikawapa paka." Akatema mate pembeni. "Hata bure siwataki. Wako wangapi?"

"Kumi na wawili."

Ndassa akarudi kwenye ghala lake la mahindi, ghala pekee pale sokoni ambalo panya hawakuligusa. Paka wawili walikuwa wamelala juu ya magunia. Hakuwafukuza.

Kamati ya soko, iliyoshindwa kwa miaka mitatu kuezeka choo, iliamua kwa dakika kumi tu: paka wote wasio na mwenyewe wauawe Jumatatu. Kosa lao lilikuwa zito. Sato mmoja, samaki wa mwenyekiti Juvenali, alikuwa ameliwa.

Mnyama mwenye mwenyewe, bila shaka, ni jambo jingine. Mwaka uliopita jirani mmoja alimpiga ndama wa Ndassa akafa. Alizungushwa barazani miezi minne, mwisho akatoa mtamba na kuomba radhi mbele ya watu.

Jumatatu Juvenali alifika na ndoo ya dagaa waliochanganywa na sumu, kichwani kofia yake ya mikutano. Watu wakakusanyika. Adventina alikuwa ameandika hotuba ya kurasa mbili: kuhusu panya, na kuhusu paka wageni watakaohamia pale hawa wakiisha. Alisimama mbele ya ndoo, akafungua mdomo, ikatoka, "Shikamoo."

"Marahaba, binti. Haya, pisha."

Hakupisha.

"Mzee Ndassa!" Juvenali aliita kwa furaha. "Njoo umwondoe huyu. Si ndiye aliyekuibia alama?"

Ndassa alikuja polepole na fimbo yake. Paka walikuwa wamejipanga juu ya ukuta, wakinusa dagaa. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Kumi na mmoja," alisema.

"Mmoja nilimmaliza jana kwa rungu, kwa mkono wangu huu!" Juvenali aliwageukia watu ili wacheke. Wakacheka.

"Naye alikuwa amekatwa sikio?"

"La kushoto, ncha. Kama ng'ombe wako!" Watu wakacheka zaidi.

"Na hapa sokoni, alama hiyo ni ya nani?"

"Yako, mzee. Nani asiyejua?"

Ndassa aliegemea fimbo yake. "Basi twende barazani, mwenyekiti. Umeua mnyama wangu."