Matawi Mbele ya Kombi

Katika kijiji cha tatu kando ya ziwa, wanaume walivua tena kofia tulipopita na kombi. Sikuelewa.

"Kahindo, watu wa huku banakuheshimu kuliko bwana yako!" nilimtania mke wangu. Alikuwa amelala nyuma kwenye godoro tangu tulipotoka hospitali Butembo. Ziwa ndilo alilotaka kuliona.

Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, mama mmoja alishika dirisha. "Pole, papa. Munapeleka maiti wapi?"

"Maiti? Ah, hapana, mama! Bibi yangu iko analala tu."

Akaonyesha matawi niliyofunga mbele ya kombi. Nilitaka ipendeze, nilisahau kwamba kwetu ndiyo alama ya gari la msiba.

Nikacheka, nikageuka, nikashika mguu wa Kahindo. Ulikuwa baridi.

"Ni upepo wa ziwa, eh, Kahindo? Mwambie mama. Mwambie ni upepo."