Zabibu Apata Kazi

Shebe mchinjaji alikuwa ameshamfunga Zabibu, ng'ombe wa Mwasiti, kamba ya pembe pale bibi mifugo alipoingia zizini na chupa yake ya chuma. Chupa hiyo ng'ombe huvishwa shingoni ikusanye pumzi yake akiwa malishoni, ili ijulikane ni nyasi gani zinapunguza ile hewa ya tumboni inayoipasha dunia joto. Tangu asubuhi ng'ombe wanne walikuwa wameitikisa wakaiangusha.

"Mjaribu na huyu wangu," alisema Mwasiti haraka.

Shebe akacheka. "Tasa huyu! Miaka mitatu hana ndama, sasa ndiyo atazaa hewa?"

Zabibu alivishwa chupa, akatulia kama bibi harusi anayevishwa mkufu. Bibi mifugo alimzunguka mara mbili, asiamini.

"Mama, huyu ndiye ninayemtaka. Lakini nitampima misimu miwili ya mvua. Asichinjwe."

Mwasiti alimtazama Shebe. Shebe akaguna, akaanza kufungua fundo.

"Haya, dada. Mwenzetu kaajiriwa."

Hapo Zabibu akapiga mbweu kwa sauti, zizi zima likasikia.

"Umesikia, mama?" alisema bibi mifugo, ameshatoa kalamu. "Hiyo ndiyo inayotuharibia hali ya hewa."

"Alhamdulillahi," alijibu Mwasiti, maana kwao aliyeshiba huitikiwa hivyo, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Zabibu alitoka langoni taratibu, akaingia kwenye nyasi mpya, zikamfika tumboni.