Makofi ya Kilo

Korongo alikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya wanyama, na kila Jumatatu alimwomba mkuu wa shule, Kiboko, jambo lilelile.

"Mkuu, walimu tuko wanne, kiti ofisini ni kimoja. Na chai hatujaiona tangu muhula uanze."

Kiboko alikuwa mkarimu sana wa vitu visivyomgharimu. "Kazi yako naiona, mwalimu! Jamani, makofi ya kilo!"

Wanafunzi mstarini wakapiga paa, paa, paa! Korongo akaenda kufundisha kwa mguu mmoja, akiupumzisha wa pili, jicho kwenye kengele.

Ijumaa moja Kiboko alirudi kutoka mkutanoni na njaa ya kufa mtu, akaingia bwaloni akiunguruma. "Chakula changu kiko wapi?"

Mwalimu wa zamu wiki hiyo alikuwa Korongo. "Umetoka mbali, Mkuu, umechoka, tunaona," alisema kwa adabu zote. "Jamani, makofi ya kilo kwa Mkuu!"

Paa, paa, paa! Kiboko akasubiri sahani. Wapi!

"Sasa makofi nitayala?"

"Hata sisi tumekuwa tukijiuliza, Mkuu."



Jumatatu vililetwa viti vitatu na birika kubwa la chai. Korongo akanywa, akakaa, akapumzisha miguu yote miwili. Siku hiyo kengele ilipolia, yeye ndiye aliyewaambia wanafunzi, "Subirini kwanza, imebaki hesabu moja."