Vumbi la Njia ya Mitwaba

Chomba alikuwa amelala chali chini ya gari, akikwangua kutu kwa kipande cha panga, na kutu ikimwangukia mpaka masikioni. Hakujali. Alitaka kumaliza upesi, maana Victorine hakuwa na muda wa kupoteza.

Gari lenyewe lilikuwa Chevrolet kuukuu lenye sanduku la bati nyuma. Kabla ya vita, Mgiriki mmoja wa Élisabethville alilitumia kusambazia mkate. Mvua zilikuwa zimeila sakafu, hata ukikaa nyuma unaiona barabara ikikimbia chini ya miguu yako. Chomba alipolinunua, nusu ya mtaa wao wa Kamalondo ilimcheka. Sasa watu walipita wakimsalimu kwa sauti ya chini, kwa sababu kila mtu alijua lilikuwa linatengenezwa kwa ajili ya nani.

Victorine, mke wake, alikuwa akikohoa tangu Pasaka. Binti yao mdogo, Annie, alikuwa amepelekwa kwa bibi yake Mitwaba asije akaambukizwa. Mama mtu alibaki na ombi moja tu: amwone mtoto wake kabla hajafa. Alilisema hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Clément, jirani yao aliyekuwa muuguzi, aliinama akachungulia chini ya gari.

"Baba Annie, kufika atafika. Lakini ile vumbi ya njia, hapana! Vumbi njo itamumaliza, haiko kikohozi."

"Njo maana nafunga kila kitundu," Chomba akajibu. "Hata siafu haitapita."

Na alifunga kweli. Alipigilia mabati ya madebe juu ya matundu ya sakafu, akapaka lami, na juu ya lami akapaka mafuta machafu ya injini ili kutu isirudi. Vitundu vya ubavuni, ambavyo Mgiriki aliviweka ili mkate wake upumue, akaviziba navyo. Mlango wa nyuma akauzungushia vipande vya gunia vilivyolowa lami. Tundu moja tu lilimshinda: lile la chini ya benchi la chuma, pale ambapo Victorine angelala. Bolti zake zilikuwa zimegandana kwa kutu, hazikukubali kufunguka. Akasokomeza magunia chini ya benchi, akaendelea na kazi. Bomba la moshi, lililopita papo hapo chini ya sakafu, nalo lilikuwa limeoza, ila bomba halipakwi lami wala mafuta, vitaungua. Akalifunga kwa bati la kopo na waya.

Siku ya safari alimbeba Victorine mikononi. Jinsi alivyokuwa mwepesi, Chomba alitamani kulia. Akamlaza kwenye benchi, akamfunika vizuri.

"Baba Annie, rozari tutasali namna gani?" Victorine akauliza. "Mbele kule hautanisikia."

"Kama ku nyumba tu, Mama Annie. Gonga."

Nyumbani, tangu pumzi ilipompungukia, Victorine alikuwa akinong'ona Salamu Maria yake, kisha anagonga ubao wa kitanda kumjulisha mumewe kwamba amemaliza. Naye Chomba, hata akiwa uani, hujibu kwa sauti kubwa sehemu yake. Majirani walikwisha kuizoea sala ile.

Mlango wa nyuma ulikuwa na tabia ya kufunguka wenyewe kwenye mashimo. Chomba alishusha komeo la nje, akalikaza kwa waya.

Waliuacha mji jua likipanda, vumbi jekundu likitimka nyuma yao. Haikupita muda mrefu, bati la nyuma ya mgongo wake likagongwa.

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu," Chomba akapaza sauti kuushinda mngurumo wa injini, "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu."

Likagongwa tena. Akajibu. Mwanzoni ilikuwa polepole, kama sala ya mtu anayetafuta pumzi. Halafu bati likaanza kulia haraka haraka. Chomba akatabasamu. Tangu Pasaka hakuwa amemsikia mkewe akisali kwa nguvu namna ile! Victorine akazidi kugonga, akamtangulia, akawa anagonga hata kabla hajajibiwa. Chomba naye akayakimbiza maneno, akicheka peke yake kwenye usukani, machozi ya furaha yakimtoka.

"Polepole, Mama Annie! Bikira hatatukimbia!"

Kisha kukawa kimya.

Amelala, Chomba akawaza. Alitega sikio kilomita baada ya kilomita, asisikie hata kikohozi kimoja. Alimalizia rozari peke yake kwa sauti ndogo, akikwepa kila shimo. Alijisikia fahari, na hakuona haya kuisikia: mikono yake mwenyewe ndiyo iliyoziba matundu yale.

Karibu na Lukafu alisimama kivulini ampe mkewe maji. Alizunguka nyuma, akafungua waya, akainua komeo taratibu asimwamshe, akavuta mlango.

Kilichotangulia kutoka kilikuwa moshi.